Chaguo la raundi ya nne kwa Jonathan Mingo: Dallas imenunua nini hasa?

Nyota ya Buluu (Irving, Texas), Novemba 6, 2024

Ndugu wanajukwaa, jana, saa chache kabla ya dirisha la kubadilishana wachezaji kufungwa, Dallas Cowboys waliipa Carolina Panthers chaguo lao la raundi ya nne katika drafti ya 2025 (yaani zamu yao ya nne ya kuchagua kijana anayetoka chuoni), wakapokea mpokeaji, yaani mdakaji wa mipira, Jonathan Mingo pamoja na chaguo la raundi ya saba la drafti hiyohiyo. Habari ilinikuta nikiwa kituo cha mafuta, na kwa dakika nzima niliamini kwamba mwandishi alikuwa amekosea namba, kwamba alikusudia kuandika raundi ya sita.

Sina ugomvi na Mingo mwenyewe. Ana miaka 23, ana kimo cha futi sita na inchi mbili na mwili unaoweza kumsukuma mlinzi wa kona pembeni, na alichaguliwa wa 39 mwaka 2023 kwa sababu ambazo zilionekana wazi alipokuwa Chuo Kikuu cha Mississippi (Ole Miss), ambako katika mchezo mmoja dhidi ya Vanderbilt mwaka 2022 alivuna yadi 247 na kuweka rekodi ya chuo. Lakini tangu aingie NFL, ligi kuu ya mpira wa Marekani, amecheza michezo 24 na hajafunga tachidauni hata moja, yaani hajaufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani. Msimu wake wa kwanza alirushiwa mipira 85 akadaka 43 kwa yadi 418. Msimu huu, mpaka anaondoka Carolina, alikuwa amedaka 12 kwa yadi 121. Timu iliyomlea, ambayo mwaka jana ilishinda michezo miwili tu kati ya 17, imeona inaweza kuendelea bila yeye.

Sasa tazameni bei za sokoni katika majuma haya matatu. Buffalo walimchukua Amari Cooper kwa raundi ya tatu na ya saba, wakarudishiwa ya sita. Kansas City walimpata DeAndre Hopkins kwa raundi ya tano yenye masharti ya kupanda kuwa ya nne. Pittsburgh wamemchukua Mike Williams jana kwa raundi ya tano. Baltimore, na hili ndilo linaloniuma, walimnunua Diontae Johnson kutoka Carolina hiyohiyo wiki iliyopita kwa raundi ya tano, na bado wakarudishiwa ya sita. Kwa mtu ambaye katika safu ileile alikuwa nyuma ya Johnson, sisi tumelipa zaidi ya Baltimore.

Na tumelipa lini? Jumapili kule Atlanta tulifungwa 27-21, kwotabeki wetu, mrushaji mkuu Dak Prescott, akaumia msuli wa nyuma ya paja, na sasa anakwenda kwenye orodha ya majeruhi, maana yake michezo minne kwa uchache. Tuna ushindi mara tatu na vipigo vitano. Atakayerusha ni Cooper Rush, kwotabeki wa akiba. Mvuvi gani ananunua nyavu siku ambayo mashua imetoboka?

Mkesha (Nairobi), Novemba 6, 2024

Kaka Nyota, nimekusoma mara mbili na nakubaliana na namba zako zote, ila sikubaliani na jinsi ulivyozipanga.

Wote uliowataja, yaani Cooper, Hopkins, Johnson na Williams, mikataba yao inakwisha msimu huu. Anayewanunua ananunua miezi mitatu. Mingo yuko kwenye mkataba wake wa drafti mpaka mwisho wa msimu wa 2026, kwa mshahara mdogo. Klabu ambayo mwezi Agosti ilimpa mpokeaji wake mkuu CeeDee Lamb dola milioni 136 kwa miaka minne, na mwezi Septemba ikampa Prescott dola milioni 60 kwa mwaka, inawezaje kumlipa mpokeaji wa pili mwenye jina? Kikomo cha mishahara ambacho ligi huiwekea kila klabu hakimjali mwenye hisia. Lazima mpokeaji wa tatu na wa nne wawe vijana wa bei nafuu, na kijana wa bei nafuu hupatikana ama kwa drafti, ama kwa kumchukua yule ambaye timu nyingine imechoka kumsubiri.

Halafu mtazame tulicho nacho. Brandin Cooks yuko nje kwa sababu ya goti. Jalen Tolbert anajitahidi. KaVontae Turpin ni hatari akiwa na mpira mkononi, lakini ni mdogo wa umbo na kazi yake kubwa ni kurudisha mipira ya mateke, yaani kuudaka mpira uliopigwa teke na wapinzani na kuukimbiza mbele. Jalen Brooks alitoka raundi ya saba na Ryan Flournoy raundi ya sita. Lamb akichubuka bega, nani anasimama upande wa nje?

Nikukumbushe pia Oktoba 2018. Tulikuwa na ushindi mara tatu na vipigo vinne, mmiliki wetu Jerry Jones akatoa chaguo la raundi ya kwanza kwa Amari Cooper, dunia nzima ikamcheka. Tulimaliza 10-6, yaani ushindi kumi na vipigo sita, na tukaitoa Seattle katika mchezo wa kwanza wa mtoano.

Chui Mweusi (Charlotte), Novemba 6, 2024

Wapendwa, mimi ni wa upande wa muuzaji, hivyo mnaweza kunisoma kwa tahadhari.

Hapa kwetu leo watu wanatabasamu. Mingo aliletwa mwaka mmoja na kwotabeki Bryce Young, kocha akiwa Frank Reich, ambaye alifukuzwa baada ya michezo 11 tu. Kwotabeki mgeni, mpokeaji mgeni, mstari wa mbele usiozuia mtu: hakuna kijana ambaye angeng'aa humo. Mwaka huu akaja kocha Dave Canales, akaja mpokeaji Xavier Legette kwa chaguo la 32, na akajitokeza mpokeaji mwingine, Jalen Coker, ambaye hakuchaguliwa kabisa kwenye drafti lakini akampita Mingo kwa wiki chache. Hilo la mwisho ndilo ambalo mtu wa Dallas angepaswa kulitafakari. Kusema kwamba timu ilikuwa mbovu ni kweli, lakini Coker alicheza katika timu hiyohiyo mbovu, na alirushiwa mpira na makwotabeki walewale.

Nitamtetea kwa jambo moja. Mingo anazuia. Mpira ukikimbizwa upande wake hajifichi, anaingia kwa bega, na sijamwona akilalamika aliposhushwa kwenye orodha. Kwa mpokeaji wa akiba hiyo ni sifa.

Mama Kona (Garland, Texas), Novemba 7, 2024

Nimewafundisha wasichana mpira wa Marekani wa bendera kwa misimu kadhaa, kwa hiyo mnivumilie nikizungumza kifundi, kwa sababu naona tunajadili bei kabla ya kukubaliana bidhaa yenyewe ni ipi.

Mpokeaji wa akiba hanunuliwi kwa ajili ya yadi. Ananunuliwa ili mtu mmoja akianguka, mipango ya wiki isianguke naye. Ni lazima ajue kazi ya nafasi zote tatu: yule wa nje anayesimama kwenye mstari wenyewe na kukabiliwa mikono kifuani kabla hajapiga hatua, yule wa nje wa upande wa pili anayerudi nyuma kidogo ili apate nafasi ya kuanza kukimbia, na yule wa ndani anayekatiza katikati ya walinzi. Ni lazima azuie. Ni lazima akimbie chini kufukuza mipira ya mateke ili amwangushe mpinzani aliyeidaka, kazi ambayo mashabiki huiangalia wakiwa wanaelekea jikoni. Na ni lazima azijue njia anazopaswa kukimbia katika kitabu cha michezo ambacho wenzake wamekisoma tangu mwezi wa tano.

Hilo la mwisho ndilo tatizo la kumnunua mtu Novemba. Watu wanadhani njia ni mstari tu kwenye karatasi. Chukua mfano wa njia ya kukimbia yadi 12 kisha kugeuka kuelekea nje. Kwotabeki anaachia mpira kabla mpokeaji hajageuka. Kama mpokeaji amezoea kugeuka kwa hatua ya saba na mrushaji amezoea hatua ya sita, mpira unafika mahali ambapo amesimama mlinzi, si mdakaji. Mingo, kwa jicho langu, ni mtu anayehitaji hatua moja ya ziada ili avunje mwendo wake, kwa sababu ya uzito. Si kasoro isiyotibika, lakini hutibiwa kwa majira ya joto mazima ya mazoezi na mrushaji mmoja. Yeye anaingia katikati ya msimu, na mrushaji mwenyewe ndiye huyo aliye kitandani.

Kwa hiyo bwana Mkesha yuko sahihi kuhusu 2026, na bwana Nyota yuko sahihi kuhusu wiki hii.

Nyota ya Buluu, Novemba 7, 2024

Nashukuru, Mama Kona. Ndugu Mkesha, nakubali hoja ya mkataba ina uzito kuliko nilivyoipa. Lakini nijibu mambo mawili.

La kwanza ni 2018. Cooper alipofika, Prescott alikuwa mzima, na Cooper alikuwa tayari amevuka yadi elfu moja misimu miwili. Hulinganishi mgonjwa aliyepewa dawa na mgonjwa aliyenunuliwa shuka jipya.

La pili ni hili neno "raundi ya nne" ambalo naona tunalitamka kana kwamba ni chenji. Dak Prescott ni wa raundi ya nne, chaguo la 135 mwaka 2016. Dalton Schultz ni wa raundi ya nne, 2018. Tony Pollard ni wa raundi ya nne, 2019. Tyler Biadasz ni wa raundi ya nne, 2020. Kwa miaka mingi ndiyo raundi iliyotulisha. Na mwaka jana tuliitoa ya 2024 kwa San Francisco tukamchukua kwotabeki Trey Lance, aliyewahi kuwa chaguo la tatu la drafti nzima, ambaye mpaka leo hajaanza mchezo wenye maana kwetu. Sasa tumeitoa ya 2025 kwa mtindo uleule: kijana aliyechaguliwa juu, akashindwa kwingine, nasi tunaamini jicho letu ni kali kuliko la waliokaa naye mazoezini kila siku.

Inachekesha kwamba jedwali la thamani za drafti ambalo ligi nzima ililitumia kwa miaka lilitengenezwa hapahapa Dallas, enzi za kocha Jimmy Johnson, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika jedwali hilo chaguo la 39 lina pointi 510, na la katikati ya raundi ya nne halifiki 100. Mwenye kumtetea Jones atasema amenunua kitu cha 510 kwa bei ya chini ya 100. Mimi nasema bei ya gari siku lilipotoka dukani haihusiani na bei yake baada ya ajali.

Babu Texas (Fort Worth), Novemba 8, 2024

Wanangu, nimeishi hapa tangu kabla Jones hajainunua timu mwaka 1989, nami naona mnasumbuliwa na jino dogo kwa sababu hamjawahi kung'olewa gego.

Mwaka 2000 tulitoa machaguo mawili ya raundi ya kwanza kwa mpokeaji Joey Galloway wa Seattle. Akaumia goti katika mchezo wake wa kwanza, na msimu wake ukawa umekwisha siku hiyo. Seattle wakatumia moja ya machaguo hayo kumpata Shaun Alexander. Mwaka 2008 tukamleta mpokeaji Roy Williams kutoka Detroit kwa raundi ya kwanza, ya tatu na ya sita, tukamwongezea mkataba mnono kabla hajazoea njia ya kwenda uwanjani, na msimu ule alitudakia mipira 19. Huo ndio uliokuwa msiba. Kwa Cooks mwaka 2023 tulitoa raundi ya tano na ya sita, hakuna aliyelia.

Ugonjwa wa Jones ni mmoja tangu zamani: anasikia aibu siku ya mwisho ya dirisha kupita bila jina lake kutajwa.

Mkesha, Novemba 8, 2024

Shikamoo, Babu. Historia nimeikubali. Lakini Galloway na Williams walinunuliwa kuwa wafalme, wakalipwa kifalme. Huyu ananunuliwa kuwa askari. Askari akishindwa unamrudisha nyumbani, hazina haitikisiki.

Mama Kona, Novemba 11, 2024

Nilikuwa uwanjani Arlington jana, na kwa kuwa wengi mmeuliza, nieleze kitu kimoja kinachohusu mjadala huu.

Mliona Philadelphia walivyotufunga 34-6. Katika robo ya pili Rush alimrushia Lamb ndani ya eneo la tachidauni, na Lamb alikuwa peke yake, hana mlinzi wa kumgusa. Jua la alasiri huingia kupitia vioo vikubwa vya upande wa magharibi na kulala uwanjani kama mkeka. Lamb aliinua uso, akainua mkono kama mtu anayejikinga, kisha mpira ukapita. Hakuuona kabisa. Mpokeaji wa dola milioni 136, na mpira ukaanguka nyasini kwa sababu ya pazia.

Jones amekataa kuweka mapazia. Nimekaa kwenye kiti changu nikafikiri kwamba klabu imetafuta mdakaji wa ziada mpaka Carolina, ilhali yadi zilizopotea jana zingeokolewa na fundi cherehani.

Mkesha, Novemba 11, 2024

Mchezo ule kwetu ulianza saa sita na dakika 25 usiku. Niliutazama kwenye simu, nikiwa nimejifunika blanketi ili mwanga usimwamshe mtoto, na Lamb alipokosa mpira ule nilidhani intaneti ndiyo iliyokwama. Nikarudisha nyuma mara tatu. Ilikuwa nzima.

Siku hiyohiyo Mike Williams aliidakia Pittsburgh tachidauni ya yadi 32 iliyowapa ushindi wa 28-27 dhidi ya Washington. Kaka Nyota, najua utalisema, kwa hiyo nimelisema mimi.

Nyota ya Buluu, Januari 8, 2025

Naufufua uzi huu kwa sababu msimu umekwisha na ahadi ni deni. Tulimaliza 7-10. Prescott alifanyiwa upasuaji na hakurudi. Mingo alicheza michezo minane kwa Dallas, akadaka mipira mitano kwa yadi 46, bila tachidauni. Hata Lamb alipowekwa pembeni michezo miwili ya mwisho kwa sababu ya bega, hali ile ambayo Mkesha aliitabiri neno kwa neno, jina la Mingo halikusikika.

Hopkins kule Kansas City alidaka mipira 41 na kufunga tachidauni nne.

Mkesha, Januari 8, 2025

Na Diontae Johnson je? Uliandika kwamba Baltimore walinunua kwa bei nafuu kuliko sisi. Katika michezo minne aliwadakia mpira mmoja, yadi sita. Akagoma kuingia uwanjani dhidi ya Philadelphia, akafungiwa mchezo mmoja, kisha wakamwacha aende. Yule uliyemtamani Novemba hakumaliza mwaka.

Mingo hakugoma. Alizuia, alikimbia mateke, alikaa kimya. Umempima kwa mrushaji wa akiba, katika kitabu alichokisoma wiki mbili. Mama Kona alishasema majira ya joto.

Nyota ya Buluu, Januari 9, 2025

Kuhusu Johnson umenishika, sina la kujibu. Nililinganisha bei nikasahau kulinganisha watu.

Lakini kuhusu Mingo nabaki nilipo. Mtu anayehitaji majira mazima ya joto ndipo afae alipaswa kununuliwa Machi, wakati Carolina wangekuwa wanatafuta tu pa kumweka, na bei ingekuwa ya Machi. Hapo ndipo kosa lilipo kwa maoni yangu: tulilipa bei ya haraka kwa kitu cha polepole.

Chui Mweusi, Aprili 27, 2025

Salamu kutoka Charlotte. Chaguo lenu liliangukia namba 114, nasi tukamchukua Trevor Etienne, mkimbiaji kutoka Georgia. Raundi ya kwanza tulimchukua Tetairoa McMillan, mpokeaji mrefu, kwa nafasi ileile ambayo Mingo alitakiwa kuijaza tangu 2023. Sisemi zaidi, nisije nikaonekana nacheka msibani.

Babu Texas, Mei 8, 2025

Mmeamka salama? Jana Jones amemleta mpokeaji George Pickens kutoka Pittsburgh: raundi ya tatu ya 2026 na ya tano ya 2027, tukarudishiwa ya sita ya 2027. Huyu si wa akiba.

Mama Kona, Mei 8, 2025

Sasa orodha inasomeka Lamb, Pickens, Tolbert, Turpin, na baada ya hapo ndipo Mingo na Flournoy wanagombea viti. Kwa mara ya kwanza tangu aje, Mingo yuko mahali panapomfaa: wa tano, mwenye kazi ya kuzuia na kufukuza mateke, na mrushaji wa kufanya naye mazoezi. Tofauti kati yake na Flournoy, ambaye alitugharimu raundi ya sita, mtaiona kwenye michezo ya maandalizi ya Agosti, robo ya tatu, wakati wengi mmeshazima runinga. Msitazame midako. Tazameni nani anaitwa kwenye kikosi cha kwanza cha kufukuza mipira ya mateke.

Mkesha, Mei 8, 2025

Mimi nitakuwa macho. Michezo hiyo kwetu huanza saa tisa usiku. Kaka Nyota, akibaki kwenye orodha ya mwisho, utanilipia nini?

Nyota ya Buluu, Mei 8, 2025

Chaguo la raundi ya saba. Zaidi ya hapo sitoi.